Tahadhari ya tsunami ikitoka ufanye nini (na kwanini usiende kuangalia bahari)

Jumatano moja, tarehe 11 Aprili 2012, nilikuwa Posta hapo Dar, mchana, ndo watu wametoka kula, mara simu zikaanza kuita kila kona, tetemeko kubwa limepiga Sumatra, Indonesia, tsunami inakuja, tokeni mjini. Watu wakamwagika kutoka maofisini, wengine wakakimbilia daladala, foleni ikashikana hata kuvuka barabara ikawa shida. Lakini kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka kichwani ni wale wengine, na hawakuwa wachache, waliokuwa wanashuka kuelekea Kivukoni, yaani wanaenda majini kabisa, simu mkononi tayari kwa picha. Kuna kijana tulikuwa tunafanya kazi pamoja akanishika mkono, twende tukaione. Nikamwambia mimi siendi na wewe usiende. Akaenda. Akakaa pale ukutani kama saa nzima, akarudi, hajaona kitu.

Na kweli siku ile hakikutokea kitu huku kwetu. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 8.6, kubwa sana, ila miamba chini ya bahari iliteleza kwa pembeni, haikunyanyuka, kwahiyo maji hayakusukumwa sana na mawimbi yaliyotoka pale yakawa madogo. Sasa jiulize, pale ukutani Kivukoni nani alikuwa anajua kama miamba imeteleza kwa pembeni au imenyanyuka? Hamna. Mawimbi yangekuwa ya kweli yule kijana angekuwa wa kwanza kuyapokea, kwa miguu yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia sana watu wanafanyaje tahadhari ikishatoka, sehemu mbalimbali duniani, na ninachokiona kinaniumiza kwasababu kinajirudia. Wengi wanaokufa wakati tahadhari imeshatoka taarifa walikuwa nayo. Waliipata, wakaisikia, alafu wakafanya moja kati ya haya matatu: wakaenda kuangalia, wakasubiri uhakika, au wakarudi mapema. Kwahiyo haya maelekezo nimeyaandika kuzunguka hayo matatu, na nimeyaandika kwa ajili ya watu wa mwambao wetu, pamoja na ndugu zetu walioko Oman, Japani na kwingine ambako mambo yanakwenda haraka kuliko huku.

Kwanza ujue ni tetemeko la wapi

Hili ndo la kwanza kabisa maana linabadilisha kila kitu. Kuna tsunami inayotoka mbali na kuna inayotoka jirani.

Ya mbali, hujasikia ardhi ikitikisika hata kidogo, unapata habari tu kwamba huko Sumatra limepiga tetemeko. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilipiga pale saa kumi kasoro alfajiri kwa saa zetu, sisi tumelala. Mawimbi yakasafiri kwenye bahari ya kina kirefu kwa spidi ya ndege ya abiria, kama kilomita 700 mpaka 800 kwa saa, na bado yalichukua zaidi ya masaa saba kufika pwani ya Somalia, Kenya na sisi tukapata mchana. Masaa yote hayo! Na bado Somalia walikufa karibu watu 300, wengi huko Hafun na vijiji vya Puntland, Tanzania wasiopungua 10, wengi wao walikuwa wanaogelea, ilikuwa Jumapili na sikukuu juu yake. Kenya alikufa mmoja, na sababu moja ya hiyo tofauti ni kwamba polisi walipita fukweni wakawatoa watu, basi, hakukuwa na teknolojia yoyote hapo, ni mtu kumwambia mtu toka.

Wakati ule hakukuwa na mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, sasa hivi upo, India, Indonesia na Australia wanapima na kutuma taarifa kwa nchi zote, huku kwetu inapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na Kenya wana idara yao ya hali ya hewa. Kwahiyo tsunami ya mbali ikija leo utakuwa na masaa. Kinachobaki ni utayatumiaje.

Ya jirani ni habari nyingine. Hapo unasikia mtikisiko mwenyewe, na ukiwa pwani mtikisiko huo ndo king'ora chako, hutasubiri kingine. Palu, Indonesia, Septemba 2018, watu walikuwa wamekusanyika ufukweni kwenye tamasha, tetemeko la 7.5 likapiga jioni na maji yakafika ndani ya dakika chache tu, ving'ora havikulia. Mtu aliyekuwa anaangalia simu yake kama kuna ujumbe muda wote aliokuwa nao uliishia hapo.

Ardhi ikitikisika na uko karibu na bahari

Indonesia wanafundisha watu namba rahisi, 20-20-20. Mtikisiko ukizidi sekunde 20, una kama dakika 20, nenda mahali pa juu pa mita 20. Naipenda kwasababu haihitaji mtandao wala umeme. Wakati wa mtikisiko wenyewe jikinge, kaa chini, kinga kichwa, shika kitu imara, ukiisha tu usirudi ndani kuchukua chochote, anza kupanda. Kama huwezi hata kusimama kwa jinsi ardhi inavyotikisika, au mtikisiko ni wa polepole ila hauishi, vyote viwili ni dalili, ule wa polepole unadanganya sana watu maana hauangushi nyumba.

Kuna kisiwa huko huko Indonesia kinaitwa Simeulue, kiko karibu kabisa na pale tetemeko la 2004 lilipoanzia. Wakati ule kisiwa kilikuwa na watu kama 78,000, maji yalifika ndani ya dakika kama kumi hivi, na waliokufa ni 7. Saba tu. Hawakuwa na king'ora, walikuwa na neno moja, smong. Mwaka 1907 tsunami iliwaua wengi pale, waliobaki wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu, kwenye hadithi na nyimbo za kubembeleza, ardhi ikitikisika sana alafu bahari ikarudi nyuma, kimbia mlimani. Mtu mmoja akipiga kelele smong mtaa mzima unapanda, mzee, mtoto, nyati wanaachwa. Sisi tuna bibi zetu na hadithi zao na hatujawapa hii wasimulie, nadhani tungewapa.

Upande wa Japani kuna shule mbili huwa nazifikiria pamoja, zote tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0, saa nane na dakika 46 mchana, watoto wako darasani. Shule ya Okawa, Ishinomaki, walimu waliwatoa watoto uwanjani wakawa wanajadili waende wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Walikaa pale uwanjani kama dakika 50, baharini ni karibu kilomita nne hivyo wengi waliona maji hayawezi kufika, maji yakaja kwa njia ya mto. Watoto 74 kati ya 108 walipotea, na walimu 10. Dakika 50, kilima kiko pale pale. Nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Kamaishi, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo, wanafunzi wa sekondari walitoka mbio bila kusubiri kuhesabiwa, wa msingi waliokuwa jirani walipoona wakubwa wanakimbia nao wakatoka, wakubwa wakawashika mikono wadogo, karibu watoto 570. Walifika sehemu waliyokuwa wamepangiwa, wakaona udongo wa mlima unaporomoka, wakasema hapa hapatoshi, wakapanda tena, alafu wakapanda tena. Sehemu ya kwanza ilizama. Mtaani kwenyewe wazee waliokuwa wanasitasita walipoona watoto wanakimbia nao wakafuata, na hili tulishike, mtu mmoja akianza kukimbia mapema anawavuta wengine kuliko tangazo lolote.

Wajapani wa pwani ile wana neno tendenko, maana yake kila mtu kivyake. Linaonekana la uchoyo mpaka ulielewe. Familia inakubaliana kabla, tetemeko likipiga baba akiwa kazini anapanda alipo, mama akiwa sokoni anapanda alipo, mtoto akiwa shule anapanda na wenzake, hakuna anayerudi kumtafuta mwenzake kwasababu kila mmoja anajua mwenzake naye anapanda. Familia zilizokuwa zinatafutana ndo zilikutwa njiani. Kwahiyo ongea na watu wako kabla, na ukubaliane mtakutana wapi baadae, sehemu moja yenye jina.

Hapa niwaambie ndugu zetu mlioko Muscat, Sur na pwani yote ya Oman. Mbele yenu kuna ufa wa Makran, upande wa Pakistani na Irani, Novemba 1945 ulitoa tetemeko la ukubwa wa kama 8.1 na tsunami ikafika mpaka Oman na India. Ikitoka hapo haitachukua masaa saba kuwafikia. Oman wana kituo cha tahadhari pale Muscat na ujumbe mtapata, ila mkiusikia mtikisiko mrefu anzeni kwenda kabla ya ujumbe. Hata sisi huku tusijione hatuguswi kabisa, Agosti 2020 tetemeko la karibu 6 lilipiga chini ya bahari hapa hapa Tanzania, watu wa Dar na Zanzibar wakatoka nje usiku, ukubwa ule hauwezi kuleta tsunami kubwa ila ulitukumbusha kwamba na chini yetu kuna kitu.

Tetemeko la mbali: namna ya kutumia masaa

Ujumbe umeingia kwenye grupu, tsunami inakuja. Kitu cha kwanza angalia umeandikwa na nani, una tarehe na saa, unataja tetemeko la wapi na ukubwa gani? Ujumbe wa kweli una hivyo vyote. Ule wa herufi kubwa wenye kuapa na kuomba utume kwa watu kumi mara nyingi ni wa zamani umerudishwa. Fungua kurasa za TMA, washa redio, ukipata uthibitisho tuma huo wa TMA wenyewe na usiongeze maneno yako. Kwa matetemeko ya Sumatra muda wa kuthibitisha unakuwepo. Ila wakati unathibitisha usiwe umekaa ufukweni. Kama uko Coco Beach au Nyali au Paje na watoto, toa watoto majini kwanza alafu ndo ufungue simu. Ikiwa ni uongo umepoteza nusu saa ya kuogelea.

TMA wanatumia maneno ya ngazi, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na watu wengi wanajaribu kuhesabu mita, ni mita moja tu bwana, mimi nina mita moja na sabini. Maji ya tsunami hayafanani na wimbi la kawaida linalopiga na kurudi, ni bahari nzima inasogea na inaendelea kusogea kwa dakika kadhaa, imebeba mbao, boti, magari, mabati. Maji ya kufika magotini yakija kwa kasi hiyo yanakuangusha na ukianguka huinuki. Japani 2011 tangazo la kwanza lilisema mita 3 kwa mkoa wa Iwate na 6 kwa mkoa wa Miyagi, watu wakaangalia ukuta wa bahari wakasema huu unatosha, yakaja zaidi ya mita 10 sehemu nyingi. Siku hizi kwa tetemeko kubwa sana Wajapani tangazo la kwanza hawatoi mita, wanasema tu ni kubwa mno, ondokeni. Kwahiyo ukisikia tangazo we usipige hesabu, ondoka.

Kwenda wapi. Kanuni ya jumla ni mita 30 juu ya usawa wa bahari au kilomita 3 kutoka ufukweni, chochote utakachokipata kwanza, na ukiwa karibu na mto au mkono wa bahari jihesabie kwamba maji yatapita humo kwanza, kama Okawa. Dar una bahati maana ukitoka ukanda wa chini ardhi inapanda, ukiwa maeneo ya Msasani au Mbezi unaelekea bara tu. Mombasa usiweke mpango wako kwenye kivuko cha Likoni, wala Kigamboni usiweke mpango wako kwenye pantoni, baki upande uliopo na tafuta juu ya upande huo. Lamu kuna vilima vya mchanga vya Shela. Stone Town na vijiji vya mashariki ya Unguja ni tambarare, huko ni kwenda ndani ya kisiwa, na kama muda umeisha, ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo la zege imara. Mnazi ni mwisho kabisa, 2004 kuna waliopona kwa kung'ang'ania miti, ila hakuna anayepanga kupanda mti.

Nenda kwa miguu. Hapa watu hawanielewi huwa, wanasema lakini nina gari. Siku ile ile ya Aprili 2012 huko Banda Aceh, Indonesia, ambako walipoteza watu wengi mno 2004 na kila mtu alijua hatari ni nini, watu walitoka na pikipiki na magari wote kwa pamoja, barabara zikaziba kabisa, na yale majengo maalum ya kukimbilia yaliyojengwa karibu mengi hayakujaa. Wangekuwa wamekwama kwenye foleni maji yanakuja. Julai 2025 lilipopiga tetemeko la 8.8 Kamchatka, Urusi, Honolulu ikawa foleni vilevile, watu wametoka kazini wote mara moja, na wale walikuwa na masaa kadhaa na barabara nzuri. Sasa fikiria barabara ya Kigamboni. Gari waachiwe wagonjwa, wajawazito, wazee wasioweza kutembea na watu wenye ulemavu, wewe mwenye miguu tembea, chukua maji, dawa unazomeza kila siku, vitambulisho, simu na chaji, kanga au shuka ya kumfunika mtoto, vaa viatu vya kufunga. Hutahitaji zaidi.

Watu wasio na simu

Hii sehemu ndo inayonikosesha usingizi. Nenda Jambiani au Paje, huko Unguja, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali kuliko siku nyingine. Utawaona kina mama wa mwani wako mbali kabisa huko, kilomita nzima kutoka nchi kavu wengine, wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba, wengine wanatafuta pweza kwenye miamba na fimbo zao. Simu wameacha nyumbani kwasababu ikilowa imekufa. Watoto wao wako nao. Tangazo la redio litawapataje? Sms itawapataje? Na kutembea kutoka kule mpaka ufukweni kwenye matope na mawe ni kitu cha nusu saa kama huna mtoto mgongoni.

Kwahiyo kijiji kikubaliane alama moja. Spika ya msikiti inafika mbali na ipo tayari, adhana zinasikika hadi kule kwenye miamba upepo ukiwa mzuri. Ngoma, filimbi, bendera nyekundu juu ya mnazi mrefu, chochote ila kiwe kimoja na kila mtu akijue. Wazee walishasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, sasa tuiweke hiyo mbiu yenyewe iwepo. Na awepo mtu anayejulikana kwamba ndo anapiga, na wa pili kama wa kwanza hayupo. Vivyo hivyo watu wa dagaa kwenye vichanja, watoto wa madrasa za karibu na maji, wauza madafu, wageni kwenye hoteli ambao hawajui Kiswahili, huyo mgeni mshike mkono mwonyeshe njia tu, atakuelewa.

Kuhusu wavuvi. Aliyeko nje kwenye kina kirefu abaki huko huko, kwenye bahari ya kina tsunami inapita chini ya chombo na nahodha hata haioni, ni pale inapofika maji machache ndo inapunguza spidi na kupanda. Wataalamu wanasema kina cha mita 100 au zaidi. Usiingie bandarini, subiri nje. Aliyeko nchi kavu asirudi kuokoa mashua, najua maneno haya ni mepesi kwangu na mazito kwa mtu ambaye mashua ile na mashine yake ndo mkopo wote, lakini mashua na kasi ya maji yale hazishindani. Salalah, Oman, mwaka 2004, meli ya makontena yenye urefu wa mita 285 ilikata kamba na mikondo ikaizungusha kwa masaa. Meli ya mita 285! Dau la mita saba utalishika na nini?

Bahari ikikupwa wakati si wake

Mvuvi yeyote wa huku anajua maji yatakupwa saa ngapi, anajua bamvua na maji mafu kama anavyojua jina lake. Basi ujuzi huo ndo kifaa cha kupimia. Ukiona maji yanaondoka wakati yanatakiwa kujaa, yanaondoka haraka kama yanavutwa, miamba ambayo huioni hata siku ya bamvua imetoka nje, samaki wanarukaruka kwenye matope, hapo usiulize. Na moyo utakuambia samaki wale ni wa bure. 2004 sehemu nyingi watu walifuata samaki, walifuata na watoto. Huo ni muda wa dakika chache tu, geuka, kimbia, piga kelele huku unakimbia.

Ila usingoje dalili hiyo kama ndo uthibitisho, maana si lazima bahari irudi kwanza. Sehemu nyingine inaanza kwa kujaa tu, kimya, kama bamvua iliyopitiliza, maji yanaingia barabarani na watu wanashangaa.

Kurudi

Mwaka 1960 tetemeko la 9.5 lilipiga Chile, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na mawimbi yalichukua kama masaa 15 kufika Hilo, Hawaii. Masaa 15 ni zaidi ya yale tutakayopata sisi. Ving'ora vililia saa mbili na nusu usiku. Wengine waliondoka, wengine walikaa wakisema tunasubiri tuone, wengine walienda daraja la pale kuangalia. Baada ya saa sita usiku wimbi la kwanza likaja, dogo. La pili likaja kubwa kidogo. Watu waliokuwa wameondoka wakaanza kurudi, yameisha. Saa saba na dakika nne usiku likaja lile lenyewe. Walikufa 61. Miaka minne baadae Crescent City, California, hali ni ile ile, watu walirudi kwenye maduka yao kusafisha baada ya mawimbi ya kwanza na lililokuja baadae ndo likaua.

Tsunami ni msururu, kati ya wimbi na wimbi inaweza kupita dakika kumi au saa nzima, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Kwahiyo ukiwa juu kaa juu. Unarudi pale tu TMA au serikali inaposema tahadhari imeondolewa, na sio pale jirani anaposema maji yametulia. Jiandae kukaa masaa mengi, wakati mwingine mpaka kesho yake asubuhi, ndo maana nimesema beba maji na kanga. Hata ikishaondolewa mikondo bandarini na kwenye mikono ya bahari inaweza kuendelea kuwa mibaya, usiwaruhusu watoto kuogelea siku hiyo. Ukikuta nyumba imeingia maji usiwashe umeme, na kisima usikinywe.

Alafu kuna siku mtapanda, mtakaa kwenye jua kali, na hakitakuja kitu. Ile ya Kamchatka 2025 Japani iliwaambia karibu watu milioni mbili waondoke na mawimbi yaliyokuja yalikuwa madogo kuliko ilivyohofiwa. Watu walilalamika kiasi, ila walipanda. Chile 2015 waliondoka watu kama milioni moja usiku, mawimbi yalikuja kweli sehemu kadhaa na waliokufa kwa yote walikuwa wachache mno kwa tetemeko la 8.3, na wale watu walishapanda bure mara nyingi kabla ya hapo, ndo maana miguu ilijua njia. Kupanda bure ndo mazoezi yenyewe.

Mazoezi tuliyofanya sisi

Mwaka jana Jumapili moja nilimwambia mama yangu, wifi na watoto wawili tutembee kutoka nyumbani kwetu upande wa Kigamboni mpaka shule iliyoko mwinukoni, ambayo kwa miaka yote nilikuwa najiambia ndo tutakimbilia hapo. Mama ana miaka 68 na goti linamsumbua. Mimi peke yangu natumia dakika 15. Na mama tulitumia 41, tulisimama mara tatu, mara ya pili kwenye kile kipande cha mchanga ambapo goti lilikataa kabisa, wifi akamshika upande huu mimi upande huu. Tulipofika geti lilikuwa na kufuli. Jumapili hakuna mtu.

Tulikaa chini ya mwembe nje ya geti, mama anajipepea na mtandio, akaniuliza, sasa mwanangu, siku hiyo ikiwa Jumapili? Sikuwa na jibu.

Tukazungukia nyuma, kuna mlinzi anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, tulimuamkia, tukamweleza, akacheka kwanza alafu akanyamaza, akasema funguo anazo yeye na nakala iko kwa mke wake. Namba zao zote mbili tumeziandika kwa maka peni nyuma ya mlango wa jikoni, chini yake wifi ameandika dakika 41, na kwa mama tumeshaongea na kijana wa bajaji wa pale kona, akisikia tu redio anakuja kumchukua yeye na yule bibi wa jirani asiyeona, sisi wengine tunatembea.